Maarifa ya Kazi Yasiondoke na Mfanyakazi

Hotuba ya afisa wa uwanjani wa shirika la wenyeji, Kindu, mbele ya viongozi wa familia zilizokimbia vita, mashefu wa kartie na wafanyakazi wa mashirika



Niliombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa jina lake linaonekana kuwa la watu wa biro tu, yaani namna wafanyakazi wa mashirika wanavyoweza kutumia intaneti ili kuweka pamoja yale wanayoyajua. Nilipopewa kichwa hicho niliomba ruhusa nikisemee mbele yenu ninyi, maana maarifa yenyewe yametoka midomoni mwenu. Mfanyakazi anajua ni kisima kipi kinakauka wakati wa kiangazi kwa sababu mama fulani alimwambia. Anajua ni njia ipi ina barieri ya wenye silaha kwa sababu kijana wa baiskeli alipita huko juzi. Akiandika vibaya, au akiondoka na alichoandika, hasara inawafikia ninyi kabla haijamfikia mkurugenzi wake.

Kuna swali ambalo mmetuuliza mara nyingi, ninyi wa Kasuku, wa Mikelenge na wa ng'ambo kule Alunguli: mlikuja, mkaandika, mkaenda, yale mliyoandika yako wapi?

Jibu la kweli ni kwamba mengi yako ndani ya kompyuta za watu ambao hawapo tena Kindu. Shirika linapata mradi wa miezi sita, linaajiri kijana. Kijana anakaa nanyi, anajifunza majina ya vijito na ya koo, anajua nani hasemezani na nani na kwa nini. Mradi ukiisha, mkataba wake unaisha siku hiyo hiyo. Kompyuta inarudishwa Kinshasa. Ripoti inapelekwa kwa mfadhili, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, na ndani yake kijiji chenu kimekuwa mstari mmoja kwenye jedwali. Miezi michache baadaye anakuja kijana mwingine na fulana ya rangi nyingine, anauliza upya: mko familia ngapi, mlitoka wapi, watoto wangapi hawasomi. Mama aliyesimulia kifo cha mtoto wake mara nne kwa watu wanne ana haki ya kuchoka na sisi.

Hali hii ilizidi mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Marekani ndiyo iliyokuwa ikitoa fedha za dharura nchini mwetu kuliko nchi nyingine yoyote. Ninyi mliona matokeo: magari yaliegeshwa, milango ilifungwa, watu waliokuwa wanajua kazi walirudi kwao. Tena ilikuwa ni katika miezi ile ile ambayo Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, na watu wakawa wanakimbia kila upande. Fedha ziliondoka, hilo kila mtu aliliona. Lakini maarifa nayo yaliondoka, na hayo hakuna aliyeyahesabu.

Nitoe mfano mmoja, bila kutaja kijiji wala shirika, kwa sababu watu wake wangali majirani.

Katika kijiji kimoja kwenye njia ya kwenda Kasongo, familia zilizotoka upande wa Kabambare zilipewa na wenyeji mashamba ya kulima mpunga. Makubaliano yalifanyika chini ya mwembe, mbele ya shefu wa kijiji, wazee wawili na mfanyakazi wa shirika aliyekuwa anaandika. Walikubaliana kwamba kila familia italima kipande chake. Wakati wa mavuno itampa mwenye ardhi mfuko mmoja. Na haitapanda mti wowote wa kudumu, maana kwetu mtu akipanda michikichi huyo ameanza kudai ardhi. Karatasi ilikuwa moja. Mfanyakazi aliichukua akaipige chapa Kindu, arudishe nakala kwa kila upande. Mradi ukafungwa kabla hajarudi. Shefu naye akafariki.

Mavuno ya pili yalipofika, mwenye ardhi mmoja alidai mifuko miwili. Wakimbizi walisema ni mfuko mmoja, tena ulikuwa wa msimu wa kwanza tu. Sidhani kama kuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alisema kama anavyokumbuka. Vijana wakashika mapanga, na mtu mmoja alikatwa mkononi kabla wazee hawajaingia kati. Yule mfanyakazi tulimpata kwa simu, yuko Kisangani kwa kazi nyingine. Alikuwa amejiwekea nakala kwenye flashi. Aliisoma neno kwa neno, simu imewekwa juu ya meza, mkutano mzima umenyamaza. Ilikuwa mfuko mmoja, kwa kila mavuno, kwa misimu minne. Pande zote mbili zilikuwa zimekosea kidogo. Shauri lilikwisha kabla ya saa sita.

Angalieni mambo yaliyohitajika ili shauri lile liishe: flashi iwe nzima, namba ya simu iwe haijabadilika, na mwenyewe awe na moyo wa kusaidia mahali ambapo halipwi tena. Amani ya kijiji kizima ilikuwa ndani ya mfuko wa suruali ya mtu mmoja aliyeko mbali. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano nayo ni mali.

Sasa nieleze hicho chombo. Nafasi ya kazi ya pamoja kwenye intaneti ni daftari ambalo halikai ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Linakaa kwenye mashine kubwa mahali pengine, na kila aliyepewa ufunguo, yaani neno la siri, anafungua ukurasa ule ule. Mwenzetu akiandika akiwa Kasongo, sisi wa Kindu tunaona. Akikosea, mwingine anasahihisha, na daftari lenyewe linakumbuka nani alibadili nini, siku gani, saa ngapi. Maandishi ya kwanza hayapotei. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mtu akitaka kugeuza mfuko mmoja uwe miwili, alama yake inabaki.

Jambo hili si geni. Mwaka 1995 Mmarekani mmoja, Ward Cunningham, alitengeneza kurasa za intaneti ambazo msomaji yeyote angeweza kuzirekebisha. Aliziita kwa neno la watu wa visiwa vya Hawaii, wiki, lenye maana ya haraka, neno alilolikuta kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kutokana na fikra hiyo ilizaliwa Wikipedia mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Mashirika makubwa yakachukua njia hiyo kwa wafanyakazi wao. Leo programu za namna hiyo ni nyingi, za bure na za kulipia, na sioni faida ya kuwahesabia moja moja. Zinatofautiana kama masufuria yanavyotofautiana, na chakula ni kile kile.

Wenzangu wafanyakazi watasema: sisi tayari tuna makundi ya WhatsApp. Ni kweli, na yanasaidia. Barieri ikiwekwa asubuhi, kundi linajua kabla ya saa nne. Lakini jaribuni kutafuta leo ujumbe wa mwezi wa pili uliosema pampu ya kijiji fulani ina vipimo gani. Umezama chini ya salamu za Krismasi, matangazo ya msiba na picha za harusi, kama jiwe lililotupwa Lualaba. WhatsApp ni mdomo. Inatangaza vizuri, haiweki. Wale wenye umri watakumbuka foni, ile redio ya paroko na ya wafanyabiashara iliyotuunganisha na Kisangani na Bukavu wakati njia zilipokatika. Aliyekuwa karibu na mashine alisikia. Aliyekuwa shambani habari ilimpita. WhatsApp ni foni ya siku hizi. Daftari ni kitu kingine.

Nimekaa katika kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba kununua programu ni sehemu rahisi. Ngumu ni kumfanya mfanyakazi aandike. Wakubwa wa mashirika wakiona kurasa ziko tupu wanasema vijana ni wavivu. Mimi sikubali. Kijana mwenye mkataba wa miezi mitatu anajua kwamba anachokijua ndicho kinachomfanya aitwe tena. Namba za simu za mashefu, jina la mama anayeaminiwa na wenzake, njia ya kupita wakati daraja limekatika: huo ndio mtaji wake. Tukimwambia aumwage wote kwenye daftari kisha tumwage na yeye, atatoa nusu, na nusu atabaki nayo. Mimi pia ningefikiri mara mbili. Kwa hiyo shirika linalotaka maarifa ya watu wake lianze kwa kuandika jina la mtoa habari kwenye ukurasa, litoe barua ya shukrani inayosema mtu huyu ndiye aliyejenga kumbukumbu ya eneo hili, na limlipe siku mbili au tatu za mwisho wa mkataba kwa kazi moja tu, kukabidhi. Siku hizo tatu ni bei ndogo kuliko kuanza upya.

Upande wa pili ni mashirika yenyewe. Tunashindania mfadhili mmoja, na kila mmoja anaficha orodha yake ili pendekezo lake la mradi lionekane bora. Mikutano ya kuratibu ipo. Makundi ya kazi yanayoitwa klasta yalianza nchini mwetu mwaka 2006, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Tunakaa, tunasomeana tarakimu, tunakunywa soda. Mambo yenye uzito tunayaacha kwenye gari.

Nataka mjue kwamba watu wa kwetu wamekwisha kujaribu kupeleka habari kwa simu hadi kwenye daftari moja. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na mauaji yaliyofuata, vijana wachache walijenga mwanzoni mwa mwaka 2008 ramani ya intaneti ambapo raia aliweza kupeleka habari ya alichokiona. Waliiita Ushahidi, kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo chombo hicho kilijaribiwa kwa vita vya mashariki mwa Kongo. Karibu zaidi na sisi, Kivu Kusini, kuanzia mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walifanya mradi ulioitwa Voix des Kivus, yaani Sauti za Kivu. Katika kila kijiji walitoa simu kwa watu watatu: mmoja wa upande wa shefu, mmoja wa upande wa vyama vya akina mama, na mmoja aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Walipeleka ujumbe mfupi wenye namba za siri zilizoeleza tukio: shambulio, mafuriko, ugonjwa wa mazao. Ulianza na vijiji vichache ukafikia 18. Habari zilikusanywa kwenye kompyuta moja na kutolewa kwa mashirika kila juma.

Mradi ule ulikoma mwaka 2011. Simu zilifanya kazi, na watu walipeleka ujumbe hata kutoka vijiji ambavyo gari halifiki. Ugumu ulikuwa upande wa wasomaji: haukupatikana mkono wa kuupokea na kuufanya mkubwa. Mimi najifunza mambo mawili hapo. La kwanza, wale watu watatu kwa kila kijiji ni mpango mzuri sana, na nitaurudia. La pili, daftari ambalo wanakijiji wanaandika na wenye magari hawasomi litawachosha wanakijiji mapema.

Sasa nafika mahali ambapo ningeomba mnisikilize kwa makini zaidi, hasa ninyi viongozi wa familia.

Kitu kilichowekwa kwenye intaneti kinaweza kuibwa. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mitandao waliingia ndani ya mashine zilizohifadhi habari za watu zaidi ya 515,000. Watu hao walikuwa nani? Wengi wao walikuwa kama ninyi: waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita, kwa uhamaji na kwa maafa, waliopotea na wanaotafutwa, na wafungwa. Habari zao zilikuwa zimekusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Wale wana fedha na mafundi kuliko sisi sote humu ndani, na bado mlango ulivunjwa.

Kwetu hatari ina sura nyingine pia. Mwizi wa mbali hatumjui, ila tunamjua mtu anayesimama kwenye barieri na kumpokonya kijana wetu simu. Akifungua akakuta orodha ya majina, kabila mbele ya kila jina, na kijiji walikotoka, ameokota silaha. Hapa Maniema tumeishi na Raia Mutomboki kule Punia na Lubutu, na Mai-Mai Malaika kule Salamabila. Sihitaji kuwaeleza orodha inaweza kufanya nini.

Kwa sababu hiyo kuna mambo ambayo mimi naona yasiingie kabisa kwenye daftari la pamoja. Jina la mama au msichana aliyebakwa lisiingie, wala kijiji chake pamoja na umri wake, maana katika kijiji cha nyumba thelathini umri peke yake unamtaja. Habari hiyo ni ya daktari na ya yule mama. Jina la mtoto aliyetoka kwa wenye silaha lisiingie. Kabila lisiandikwe mbele ya jina la mtu. Ikiwa ugomvi ni wa koo mbili, ugomvi wenyewe ueleweke, watu wasiorodheshwe. Picha za nyuso za watu zibaki nje. Na mahali familia zinapolala wakati wa mashambulio, zile njia za kukimbilia msituni, hizo zibaki vichwani mwa wenyewe.

Kuna wanaoniambia kwamba nikiondoa hayo yote daftari linabaki bila maana. Hapana. Makubaliano ya mashamba yanabaki, na hayo yalifanywa hadharani. Historia ya kila kisima inabaki: kilichimbwa mwaka gani, pampu ya aina gani, kilivunjika wapi, kijana yupi alifundishwa kukitengeneza. Ahadi za mashirika zinabaki, na tarehe zake. Zinabaki pia shauri zilizokwisha na namna zilivyokwisha, nani aliwapatanisha, walitumia desturi gani. Kwa kazi ya amani hiyo ndiyo hazina, na leo haiko popote. Sheria ya nchi nayo iko upande wetu: kanuni ya mambo ya kidijitali iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023 inazihesabu habari za mtu binafsi kuwa kitu kinacholindwa. Mtu akiwaandika, mnaweza kumuuliza: unaziweka wapi, nani atazisoma, kwa muda gani? Mnaweza kusema jina langu uliondoe. Kumkatalia hakumaanishi kukosa bashi wala jetoni; atakayewatisha kwa njia hiyo mleteni mbele ya mkutano.

Juu ya lugha nitasema kwa ufupi na kwa ukali kidogo. Kumbukumbu ya kijiji ikiandikwa kwa Kifaransa cha ripoti, wenye kijiji hawataisahihisha kamwe. Watu wa mfadhili wana wafasiri wao. Ukurasa wa kijiji uandikwe kwa Kiswahili, tena hiki chetu cha Kindu kinachosemwa sokoni, ili ukisomwa kwa sauti mzee aweze kusema: hapo si hivyo.

Najua mtauliza juu ya umeme na mtandao. Umeme haupo kila saa, na mega ni ghali kwa mtu anayefikiria unga. Programu nyingi sasa zinaruhusu kuandika bila mtandao. Simu inatunza maandishi, kisha inayapeleka yenyewe ukifika mahali penye antena. Mareko asiyependa kuandika anaweza kurekodi sauti, sisi tukaiandika. Mareko hawa, niongeze, ndio wenye kujua kuliko sisi sote. Miradi inapita juu yao kama mtumbwi juu ya maji, wao wanabaki. Lakini katika mashirika mengi hawana ufunguo wa daftari, kwa sababu si wafanyakazi. Hilo lazima libadilike, na gharama ya mega zao iwekwe kwenye bajeti kama inavyowekwa gharama ya mafuta ya gari.

Tena daftari la intaneti nalo linaweza kufa. Asipolipwa mwenye mashine, au shirika likifungwa kama yalivyofungwa mengi mwaka 2025, ukurasa hautafunguka tena. Ndiyo maana tunataka kila ukurasa uwe na ndugu yake wa karatasi. Kila baada ya miezi mitatu utachapwa, utasomwa mbele ya watu, utatiwa sahihi au dole gumba, na nakala mbili zitabaki kijijini, moja kwa shefu na moja kwa kiongozi wa familia zilizokimbia. Zifungwe ndani ya plastiki, maana mvua yetu mnaijua, na mchwa pia.

Kazi ninayowaomba leo ni hii. Kila kartie na kila kijiji kinachopokea wakimbizi kichague watu watatu, kwa mfano ule wa Kivu Kusini: mmoja wa shefu, mmoja wa akina mama, mmoja wa waliokimbia, achaguliwe na wenzake. Wasiwe wote wa ukoo mmoja. Hawatalipwa mshahara, nisiwadanganye; watapewa mega, kaye na kalamu. Kazi yao ni kusikiliza ukurasa unaposomwa na kusema palipokosewa. Mashirika yaliyomo humu yataleta, kila moja, jambo moja tu la kuanzia: makubaliano yote ya mashamba waliyowahi kuyashuhudia, hata yale yaliyokwisha muda. Tumeanza na mashamba kwa sababu msimu wa kupanda hauko mbali, na kuna mapatano matatu au manne ninayoyajua mimi ambayo shahidi wake wa kuandika hayupo tena Maniema.

Majina ya watu watatu yaandikwe kwenye karatasi inayopita, jina na kartie tu, kabila hapana. Sasa ni zamu ya maswali. Wanaovuka kwenda Alunguli waulize kwanza, maana jua linashuka na mitumbwi haitawangoja.